Mtoto Ataitwa Nani

Richfield, Minnesota
14 Januari 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na maumivu ya mguu yamepungua. Mimi sijambo, ila baridi ya hapa inauma mpaka kwenye meno.

Barua yako niliifungua kwa hofu. Nilijua hukuniruhusu nije huku kusomea uuguzi ili nikuandikie habari za mimba. Lakini hukunifokea, umeandika tu kwamba yaliyotokea yametokea. Nimelia, mama, kwa faraja. Eliakim, baba wa mtoto, hajaniandikia tangu ahamie Texas, na sasa nimeacha kungoja.

Sikukosa watu. Stacy na mumewe Eugene, wale wa kanisani waliokuwa wakinialika chakula cha Jumapili, wamenitoa bwenini nikae kwao. Hawajabahatika kupata mtoto, na wamehangaika miaka. Daktari aliposema ni msichana, Stacy alifurahi kuliko mimi. Bibi yake Eugene alitoka Ireland, basi kila tukimaliza kula Stacy ananisomea majina ya huko. Kuna Siobhan, lakini husomwa Shivon. Kuna Maeve, husomwa Meivu. Kuna Aoife, nalo eti ni Ifa. Nuala ndilo pekee linalosomwa kama lilivyoandikwa. Tunacheka sana. Wewe ungependa lipi?

Mwanao,
Eliakunda


Machame
8 Februari 1996

Mwanangu Eliakunda,

Salamu nyingi. Mguu unanisumbua asubuhi tu, jua likitoka natembea. Wewe unakula? Usiruke chai ya asubuhi.

Ifa siwezi kulitamka juu ya mtoto, lina kufa ndani yake. Meivu nalo naona jivu tupu. Nuala halina ubaya. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, lakini baba huyu amejificha, na jina haliombwi kwa mtu aliyejificha. Basi waachie hao wenyeji wako walichague. Anayelea ndiye anayeita.

Nilipoteremka Moshi niliingia posta nikawapigia simu, nikaongea na Stacy. Usishangae, mwalimu mstaafu hajasahau Kiingereza. Ni mama mwema. Msikilize.

Mama yako


Richfield
3 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Tumbo limekua, darasani nakaa upandeupande. Daktari anasema tutegemee mwezi wa sita.

Nimewaza jambo. Kwa kuwa upande wa baba hakuna wa kuombwa jina, nataka mtoto aitwe Nsia, jina lako, kama utakubali. Nililitaja mezani Jumapili. Eugene aliweka uma chini. Stacy alisema ni jina zuri, kisha akaanza kuondoa sahani ambazo bado tulikuwa tunazilia.

Wamepaka chumba kidogo rangi ya njano, na kitanda cha mtoto kimeletwa. Nilipouliza changu kitakaa upande gani, Stacy akajibu kwamba chumba changu cha chini kina utulivu wa kusomea, na kwamba Septemba bwenini nitapata nafasi tena. Sikuelewa. Mama, ulimwambia nini kwenye simu? Huenda Kiingereza kiliwapoteza.

Mwanao,
Eliakunda


Machame
27 Machi 1996

Mwanangu Eliakunda,

Sisi wazima, mvua zimeanza vizuri. Natumaini nawe u mzima pamoja na mzigo wako.

Jina langu liache. Bado nalitumia. Stacy na mumewe ndio wachague, umesikia? Hapa sijamwambia mtu, hata shangazi yako. Kazi yako ni kumaliza chuo na kurudi nyumbani kama ulivyoondoka. Mengine nimeyaweka mikononi mwa watu wema.

Barua hii usiwasomee.

Mama yako


Saint Paul
21 Aprili 1996

Mama,

Safari hii sitauliza mguu.

Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, Stacy akiosha mboga. Nikamwuliza mama yangu alimwambia nini. Alifunga bomba. Ndege ikapita juu ya nyumba kwenda kutua, naye akangoja mlio wake uishe. Kisha akasema, "Kwamba umekubali kutuachia mtoto. Kwamba unaona aibu kulisema mwenyewe, kwa hiyo tusikuulize mpaka azaliwe."

Nikamwambia, "Sijakubali. Sijawahi kuulizwa."

Nilitamani abishe ili nipate mtu wa kumkasirikia. Hakubisha. Alikaa kwenye kiti na mikono yake imelowa, uso ukamzeeka mbele yangu. Walikuwa wameshawaambia ndugu wote. Mama yake Eugene, kule Anoka, ameshafuma blanketi. Yale majina ya baada ya chakula, mama, nilidhani ananisaidia mimi kuchagua. Kumbe alikuwa anamchagulia mtoto wake, mbele yangu, akiamini kwamba najua. Nami nilikuwa nacheka.

Ulimtoa mtoto wangu kwa simu, kisha ukaniandikia nisiruke chai.

Nimehamia mtaa wa Frogtown kwa Fadhila, msichana wa Tanga anayefanya usafi hospitalini. Ana chumba kimoja juu ya duka la Wavietnamu. Amenipa kitanda chake, yeye analala kwenye kochi. Tulikuwa tumeonana tu kwenye sherehe za Watanzania, lakini nilipobisha hodi na sanduku langu hakuniuliza swali.

Eliakunda


Machame
14 Mei 1996

Mwanangu Eliakunda,

Hukunisalimu, nami nakusalimu.

Stacy nilimdanganya. Wewe nilikunyamazia. Nimefundisha maisha yangu yote, nimewaona wasichana wenye akili kukushinda wakirudi na mtoto mgongoni, wakaishia kuuza ndizi njiapanda, na waliowacheka ni walewale waliowapigia makofi walipofaulu. Baba yako alipofariki nilibaki na wewe tu. Nikajiambia, kule mtoto atakula, atasoma, atapendwa, na mwanangu atamaliza. Nilijua ningekuuliza ungekataa. Ndiyo maana sikukuuliza.

Jina langu sikulikataza kwa kutokukupenda. Nilishindwa kuvumilia liitwe kila siku katika nyumba ambayo mimi nisingeingia kamwe.

Sasa nakubali. Mwite Nsia.

Mama yako


Saint Paul
19 Juni 1996

Mama,

Mtoto amezaliwa, na ni mzima.

Uchungu ulinikuta Fadhila yuko kazini. Sikuwa na mwingine mwenye gari wa kumpigia ila Stacy. Nilipiga nikijua anaweza kukata simu. Alikuja na ndala za nyumbani miguuni. Njia nzima aliendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umenishika goti.

Alikaa nami mpaka mwisho. Mimi nilikuwa bado nashonwa, kwa hiyo nesi alimkabidhi mtoto yeye. Alisimama naye karibu na dirisha, akamtazama kwa muda ulionitisha, nami sikuwa na nguvu ya kuinuka. Halafu akaja akamlaza kifuani kwangu. Akasema, "Mwanao huyu." Akachukua mkoba wake akatoka, na nikamsikia akilia koridoni. Hajarudi tena, wala simlaumu.

Yeye alikuwa naye mikononi, akamrudisha. Wewe hujawahi kumwona, ukamgawa.

Unasema umekubali aitwe Nsia. Hapana. Ana jina. Nimelichagua mwenyewe, nikalisema kwa sauti nione kama litamkaa, na limemkaa. Fadhila anamwita nalo, hata wale wauza duka wa chini wanamwita nalo. Wewe sikuandikii jina hilo. Si hasira peke yake, mama. Sijui tena ukipewa kitu changu utakipeleka wapi.

Septemba narudi darasani. Fadhila atabadilisha zamu tulee pamoja.

Eliakunda


Machame
3 Novemba 1996

Mwanangu Eliakunda,

Nakusalimu wewe, na mtoto, na huyo Fadhila ambaye Mungu ambariki. Nimekuandikia mara kadhaa tangu Julai na sijapata jibu. Sijui kama barua hazifiki au zinafika.

Nilimwambia shangazi yako. Alinuna wiki nzima, si kwa ajili ya mtoto, bali kwa kufichwa. Baada yake sikuona sababu ya kuwaficha wengine. Jumapili ya mavuno nilipeleka mkungu wa ndizi kanisani, kumshukuru Mungu kwa mjukuu. Minong'ono niliisikia, nikapita katikati yake. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu wote, akasema, "Mwalimu, tumtaje kwa jina gani?"

Nikasema, ni mtoto wa Eliakunda. Akadhani sikumsikia vizuri, akainama akauliza tena karibu na sikio langu.

Nikamwambia, "Sijaambiwa."

Alikuwa na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo walisikia mpaka walioketi nje. Mzee mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo haraka ili kunisitiri. Walipokuwa wanaimba nilirudi mahali pangu, na shangazi yako akanisogezea nafasi.

Sikuandikii ili nikuombe jina. Nimeandika ujue kwamba hapa nyumbani sasa kila mtu anajua mtoto yupo.

Mama yako