Flash ya Baba Haikufa

Butembo, Jumatatu asubuhi

Kwa Yaya Paluku, kaka yangu mkubwa kule Kasugho,

Salamu kwako, kwa mama, kwa shemeji na kwa watoto wote wa nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Alipoondoka hapa ulikuwa bado umevimba, na najua hatakuambia kama unamuuma. Mtazame anapoinuka jikoni, utajua. Mimi nipo, nakula, nasoma. Ila nimechoka, yaya, na nitakueleza kwa nini, hata kama barua itakuwa ndefu kuliko uvumilivu wako. Nakujua, wewe barua unaanzia mwisho. Safari hii tafadhali anzia mwanzo.

Mwendesha pikipiki anayebeba kahawa alinifikishia maneno yako kama ulivyoyasema: "Weye njo unasomaka kompyuta. Ponyesha ile flash ya baba, juu bazee batakaa kwa ajili ya shamba mwezi unaokuya." Na flash yenyewe ilifika salama, imefungwa katika kitambaa cha mama. Najua wazee wanataka kukata shauri shamba la mtoni ni la nani, na jibu lako limo humu, lakini hutalielewa bila kujua kwanza kilichoipata mashine yangu.

Mashine hiyo ulininunulia kwa kahawa ya shamba hilo hilo la mtoni, sijasahau. Ilikuja na Windows, yaani ule mfumo unaoendesha kila kitu ndani. Wa kwangu ulikuwa wa kunakiliwa mitaani, hauna baba wala mama. Kila flash niliyochomeka iliniachia virusi. Mara mbili kazi ya chuo ililiwa siku ile ile ya kuikabidhi. Kuiwasha tu, nilikuwa nachemsha maji ya chai, nayanywa, nasuuza kikombe, ndipo ikubali kuamka. Muhindo, mwenzangu wa darasa, alinitazama hivyo miezi mingi. Mwisho akasema:

"Kasereka, unajitesaka bure. Toa hiyo, weka Linux. Lakini usilie kisha, eh! Siku za kwanza ziko nguvu."

Linux ni mfumo mwingine wa kuendesha mashine. Ni kama kung'oa kahawa ya zamani na kupanda aina nyingine kwenye udongo ule ule. Nilinakili kazi zangu pembeni, nikaomba Mungu, nikabonyeza. Baada ya nusu saa Windows yangu haikuwepo tena.

Muhindo hakunidanganya. Modem ya intaneti ilikataa kutambulika wiki mbili nzima. Nilisoma maelekezo kwenye simu yake, nikaandika amri kwa kalamu daftarini, kisha nikarudi kuzipiga kwenye mashine moja moja. Ukikosea herufi moja, inakujibu kwa Kiingereza kikali na huna wa kumlalamikia. Nilipopeleka kazi yangu kuchapishwa kwa mama mmoja mwenye ofisi ya fotokopi, ambaye mashine yake ni ya Windows, kurasa zote ziliteleza, vichwa vya habari vikaenda chini, majedwali ya hesabu yakapasuka katikati. Yule mama alicheka mpaka akaketi. "Mutoto wangu, document yako imelewa!" Mwalimu wetu naye hakucheka. Alinirudishia mbele ya wote, akaniambia nikimaliza michezo nilete kazi. Siku ile nilitembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu, na nilikuwa tayari kurudi kwenye Windows yangu na virusi vyake.

Sikurudi, kwa sababu ya kazi ya programu. Vifaa vyote ninavyohitaji vimo, havinitishi kila asubuhi kwamba muda umekwisha, na mashine ile ile iliyokuwa inakohoa sasa inafanya kazi siku nzima. Natengenezea duka moja la dawa programu ya kujua dawa gani zimebaki rafuni. Wao wanatumia Windows, kwa hiyo kila nikimaliza kipande nakwenda kukijaribu kwao tena, na mara nyingi narudi nacho kimevunjika. Hiyo ndiyo sababu moja ya uchovu wangu. Ya pili ni flash yako.

Historia yake unaijua, lakini niiseme tena, maana miaka mitatu hii tumekuwa tukiisema vibaya. Baba alipolazwa Beni, alizungumza na simu yake akiwa peke yake kitandani, akajirekodi. Akatuambia, "Maneno ya shamba nimeyaweka mule." Hakuongeza kitu. Simu ilikuwa imejaa, akamtuma mtu ayahamishie kwenye flash mahali wanapopiga fotokopi, na huko flash ikaokota virusi. Sisi tulipoifungua tulikuta vialama vitupu visivyokwenda popote. Simu ilipotea hospitalini, baba akafariki. Mimi ndiye niliyesema flash imekufa. Na wewe, yaya, ukawaambia wazee kwamba maneno ya baba yapo upande wetu, ila tu yamefungiwa ndani ya flash mgonjwa.

Jumatano mchana niliichomeka kwenye mashine yangu. Sikuiponya, sikufanya ufundi wowote. Virusi vile havifuti kitu, vinaficha tu, na kificho chao kimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Linux haikijui, kwa hiyo inaonyesha kila kilichomo. Nikaona folda moja isiyo na jina. Ndani yake, sauti ya baba.

Nililia, yaya, sitaficha. Alikohoa kwanza, ukajua ni yeye. Kisha akasema, naandika kama alivyosema:

"Paluku na Kasereka, musikie. Shamba ya mutoni haiko yetu. Baba yake Kavira alitupatia tulime, juu tulifika pale bila kitu. Ile mbuzi nilikuwa namupelekeaka kila mwaka ilikuwa ya aksanti, hapana ya kununua. Banasema balihamia Eringeti, hata vile shamba ni yabo. Siku batoto yake batarudia, mubarudishie. Kahawa tulipanda sisi, mubaombe babaachie muvune mara moja. Njo vile."

Ni hayo. Niliyasikiliza mpaka betri ikaisha.

Wewe unasema kwa wazee kwamba mbuzi yule alikuwa bei ya shamba. Labda uliamini hivyo. Ulikuwa mdogo baba alipokuwa akimpeleka, na mimi sikuwa nimezaliwa. Sikulaumu. Najua shamba hilo ndilo linalolisha nyumba yote, ndilo linaloniweka chuoni, na nikipoteza mwaka huu wa mwisho sijui nitaupata wapi mwingine. Siku mbili nilikaa na kalamu mkononi nikitaka kukuandikia neno moja: imekufa. Ungeniamini. Wote walikwisha kuamini, na mimi ndiye fundi. Niliona haya sana kwamba nililitamani neno hilo.

Flash naituma pamoja na barua hii. Kwa katekista wenu kuna mashine. Mwambie aichomeke, nimeisafisha, itafunguka kwake bila shida.

Nisalimie mama, na umweleze polepole, asisikie kwanza kwa majirani. Msalimie shemeji, mwambie maharage aliyonitumia yalinifikisha mpaka juma hili. Msalimie shangazi wa Kanyabayonga akipita, na katekista, na mtoto wetu mdogo aliyeanza kutembea ambaye bado hajui sura yangu.

Nilitaka kuishia hapa, lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya.

Kavira, binti wa mzee yule aliyetupa shamba, alikimbia kutoka Eringeti kwa sababu ya vita. Yuko Beni na watoto wake, wanalala kwa watu. Jumamosi nilipanda gari, nikambebea mashine, nikamketisha, nikamwekea sauti ya baba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba nirudie. Kisha akaniuliza mama yuko na hali gani, na hakuniuliza kitu kingine chochote.

Najua wewe ndiye mkubwa, na ulipaswa kusikia wa kwanza. Nimekuvunjia heshima, na nikija nyumbani utanihukumu utakavyo. Lakini najijua, yaya. Kama ungesikia wewe kwanza, ungeniomba niyafute, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia kitu.

Mdogo wako,
Kasereka