Pedi Moja Imepungua Kambani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukiichapisha barua hii tafadhali usiitaje shule yetu, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika funguo za maktaba na kila Alhamisi wasichana hugombania ukurasa wako mezani kwangu.

Mama yangu ni fundi cherehani, na mbali na sare na mapazia hushona pedi za kitambaa, zile za kufua na kutumia tena, na za kwangu alizikata nilipovunja ungo nikiwa na miaka kumi na miwili, na kila zikichakaa hushona nyingine kwa karatasi ile ile ya kipimo. Sasa nina kumi na sita. Mwaka jana alikuja kuishi nasi binti wa mama mdogo, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, na wiki ya kwanza tu alisimama mbele ya cherehani akasema, "Mama mkubwa, nipime vizuri, mimi nina nyonga pana, sitaki kitu kinachonitembea," na mama akacheka mpaka akatoa pini mdomoni, akampima, kisha akafungua sanduku akatoa shuka langu la utotoni, lile la flana lenye maua ya njano, akalikata. Shuka langu, mshauri, na mimi nimesimama pale pale na daftari mkononi. Mama akaniuliza, "Na wewe nikupime?" nikamjibu zangu ziko sawa, maana nilijua nikisema zaidi nitalia.

Tangu hapo, nikiwa kwenye siku zangu mgongo unaniuma chini kabisa, na pedi zangu husogea, kwa hiyo navaa mbili kwa pamoja na nguo za ndani mbili zinazobana, nakaa kwenye ncha ya kiti vipindi vyote nikiwa nimejikaza, huku Chiriku, akiwa kwenye zake, anacheza mpira wa pete kama hana habari. Zake anazianika kambani juani, mimi zangu nazificha nyuma ya kabati. Nikisikia yeye na mama wanacheka chumba cha cherehani, naweza kusoma ukurasa mmoja mara nne na nisijue umesema nini.

Mwezi uliopita nilichukua moja kambani. Nilijiambia ni shuka langu, kwa hiyo si wizi. Mama alipoanua akamwambia, "Zilikuwa sita, mbona naona tano? Vitu vyako unavitupatupa tu wewe," na Chiriku akasema labda ni upepo, akaomba radhi, nami nikanyamaza. Kesho yake niliivaa shuleni, ni laini kweli na haikusogea hata kidogo, lakini mgongo uliuma vile vile, na jioni Chiriku akanikuta nimejikunja kitandani, akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia taulo, akaniwekea kiunoni. "Lala hivi, dada," akasema. "Usinionee haya, mwenzio nipo." Na mimi nilikuwa nimeivaa bado.

Niirudishe? Nikiirudisha, mama si ndiyo atazidi kumpenda yeye? Na kwa nini hata flana yangu mwenyewe haikunisaidia?

Mimi, Mshika Funguo

*

Mshika Funguo,

Tuanze na mgongo. Wengi wetu hedhi yenyewe hutuuma kiunoni, uvae pamba au hariri, na hapo huna kosa. Ila wewe umeuongezea mzigo. Pedi zako zilikatwa kwa mwili wa mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiyo maana zinasogea, na kwa kuogopa zisisogee umejibana na kukaa kwenye ncha ya kiti mwaka mzima. Ulitaka kitambaa ulichovaa siku moja tu kikuondolee hayo yote? Vaa moja inayokutosha, kaa mpaka mgongo uguse kiti, inuka utembee kila kipindi kikiisha. Na kukaa na pedi moja kutoka asubuhi mpaka jioni ni vibaya, badilisha kila baada ya saa nne au sita. Suuza kwa maji baridi, fua kwa sabuni, anika juani. Nyuma ya kabati hazikauki, na unyevu utakuletea muwasho. Maumivu yakikuzuia kwenda darasani, au yakibaki hata siku zako zikiisha, nenda kwa muuguzi.

Sasa wivu. Kuumia kwa ajili ya lile shuka nakuelewa, hata mimi ningenuna. Lakini mama yako alikuuliza, mkanda wa kupimia ukiwa bado mkononi mwake, nawe ukamwambia ziko sawa. Chiriku hajakunyang'anya mama. Alisema anachotaka, basi. Umemwacha akalaumiwa kwa kosa lako, kisha akakukanda mgongo. Hilo si dogo, binti yangu, na najua unalijua, la sivyo usingeniandikia.

Ifue hiyo pedi leo, ianike kambani wazi. Ikikauka, mwite Chiriku, mwende naye chumba cha cherehani, uiweke mezani na useme, "Mama, hii niliichukua mimi. Lile shuka liliniuma. Na mimi nipime." Watakasirika kidogo, vumilia. Kisha simama wima, maana mama yako hawezi kumpima mtu aliyejikunja.