Cherehani Bila Uzi

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paka kazaa tena kwenye kapu la vitambaa.

Unamkumbuka baba, fundi mzima, akibanwa na mambo? Anachomoa uzi, anakanyaga cherehani bila kushona kitu. Mama anatunong'oneza, "Mwacheni, baba yenu anashona hewa." Tunacheka chini ya meza mpaka naye anacheka, nyumba inapoa.

Tangu tumzike, cherehani haikuguswa. Juzi mama katoka hospitali, akasema majibu ni mazuri. Najua na wewe kakwambia hivyo hivyo kwenye simu. Lakini tangu arudi, anashona hewa.

Leo nimeingia chini ya meza, mtu mzima na makalio yangu, nikajaribu kucheka. Peke yangu siwezi. Njoo.

Kitindamimba wenu