Mama Yako Alipocheza Tumboni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Kikwe hatujambo, babu yako anavuna maharage. Umeniuliza kama nami niliogopa mimba ya kwanza. Niliogopa mpaka kusali kukanishinda.

Asubuhi moja ukungu wa Meru ulishuka hadi migombani, nami nakata majani ya ng'ombe huku naimba taratibu. Mama yako akacheza tumboni. Nikinyamaza anatulia, nikiimba anacheza.

Babu yako akauliza, "Mbona unacheka peke yako?"

"Siko peke yangu," nikamwambia, nikamshikisha tumbo.

Tukasimama ndani ya ukungu ule, nikajikuta namshukuru Mungu kwa mtoto nisiyemjua hata sura. Hofu haikuisha, ila tangu siku ile niliweza kusali.

Nawe mwimbie wako, anasikia.

Bibi yako