Mpunga Uliohamia Afya

Mwanjelwa, Mbeya

Kamwene, kaka Jofrey,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe, wifi Esta na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Mama alipiga simu kutoka Iringa. Baridi imembana kifua kidogo, lakini kanisani anaenda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia neno daktari, mtandao wako hukatika.

Kazi yangu hapa maktaba ya utafiti unaijua: kupitia makala za kisayansi na kuzipa namba ya somo, ili mtu akitafuta jambo ayakute mahali pamoja yote yanayolihusu. Juzi nikafika kwenye utafiti kuhusu dawa za wadudu wa mpunga. Ulipewa namba ya kilimo, umelala kati ya mbolea na mbegu. Nikaufungua nione tu kama namba ni sahihi. Ndani wanaelezewa wakulima wanaopuliza dawa: mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu, mate yanajaa mdomoni, kichefuchefu kila wakitoka shambani. Niliusoma nimesimama.

Nikamwendea mkuu wangu, Bwana Sifaeli, nikamwambia huu uende afya. Akasema makala moja namba moja, na kichwa chake kinasema mpunga. Nikamuuliza, "Daktari ataenda kuutafuta kwenye mpunga?" Akavua miwani, akasema niuingize pande zote mbili, lawama atabeba yeye. Niliuingiza papo hapo asije akaghairi.

Bado sikutulia. Kila nikishika makala nyingine nakuona Pasaka ile, kikombe kinagongana na kisosi mkononi mwako, na wewe unasema ni uchovu wa shamba.

Sasa nisikufiche, kaka. Nilitoa nakala ya utafiti ule nikampelekea daktari mmoja hapa mjini, nikamtajia jina lako, kazi yako na mikono yako, bila ruhusa yako. Amesema usipulize tena kabla hajakuona, na anakungoja Jumatatu. Wifi anajua, ameshaificha pampu ya kupulizia dawa. Usimgombeze yeye. Nigombeze mimi, ila uje unigombeze hapa Mbeya, ukiwa umeshapimwa.

Wabusu watoto, na majirani wote wa Ubaruku uwape salamu. Nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Mdogo wako akupendaye,
Damari Kalinga