Mshono wa Bi Rukia

Jumapili, 11 Mei

Nimepima begi mara ya tatu kwenye mizani ya muuza mchele aliye chini ya nyumba. Bado zito. Nimetoa viatu, nimetoa mto. Vitu vyangu mwenyewe ni robo tu. Robo tatu ni vya watu.

Mtaa wetu wa Ndia Kuu hauna siri. Nilimwambia mtu mmoja kwamba naenda Maskati kwa mwanangu Salma, kufikia adhuhuri mlango wangu umekuwa posta. Papa mkavu. Achari ya ndimu, chupa mbili. Kanzu ya mjukuu wa mtu. Mama mmoja wa Kizingo hakushuka hata garini, alimtuma dereva na mfuko. Wote neno lao moja: nifikishie tu, si kizito. Nami napokea. Kwetu hukatai, wala huulizi ndani mna nini. Kuuliza ni kumwambia mtu machoni kwamba humwamini.

Wa mwisho alikuwa Bi Rukia, jirani wa nyuma, mshona kofia. Kaja na kifurushi cha kitambaa cheupe, kakishona pande zote kwa mshono wake ule mdogo mdogo, huoni sindano ilipoingia. Ukubwa wa tofali, na uzito karibu wa tofali. Juu ameandika kwa kalamu: NASSOR. Mwanawe. Yuko huko mwaka wa tatu.

"Mwambiye nimekishona kwa mkono wangu," alisema. Akaenda zake.

Kesho napanda ndege kwa mara ya kwanza. Nina miaka hamsini na sita, thelathini nilifundisha watoto jiografia, na bado sijawahi kuiona Mombasa kutoka juu. Angekuwepo marehemu mume wangu angenishika mkono. Salma anaanzishiwa uchungu Ijumaa kwa sababu ya presha. Hana mtu huko ila mumewe. Dada yangu Mwanaisha alikwenda kujifungua akicheka, hakurudi. Lazima nifike kabla ya Ijumaa. Naogopa ndege. Naogopa Ijumaa zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Sikuondoka.

Wafanyakazi wa uwanja wa ndege wamegoma tangu alfajiri. Hakuna aliyetwambia. Teksi ilinishusha kwenye mvua, nikakuta watu mpaka barabarani. Ndani hapana pa kuweka mguu. Watalii wamelala juu ya masanduku. Mtoto mmoja analia, hanyamazi. Ubao wa ndege umezimwa. Kila mwenye sare anasema ngoja. Ngoja nini, hasemi.

Nikakaa sakafuni, buibui na vumbi. Upande mmoja msichana wa Bungoma, Nekesa, anakwenda huko huko Maskati kufanya kazi za nyumbani. Amelala siku mbili Mwembe Tayari katika nyumba ya wageni ambayo mlango haufungi. Karatasi zake zote zimo ndani ya mfuko wa plastiki, ameukumbatia. Upande wa pili Bwana Abbasi, Bohora, mwenye duka la vifungo na nyuzi mjini. Amepita sabini. Anakwenda kumwangalia nduguye mgonjwa. Ana chupa ya chai, ametugawia kwa kifuniko, mmoja baada ya mwingine. Sikuwa na hamu ya chai lakini nilikunywa.

Kisha akapita askari na mbwa. Mbwa ananusa mizigo, begi kwa begi. Bwana Abbasi akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba kuna mwanamke alikamatwa hapa na kifurushi alichopewa na jirani. Ndani mlikuwa na unga, na si wa kupikia. Yule mwanamke aliapa kwamba hakujua.

"Wote huapa," alisema. Akaniuliza kama mizigo yangu nimeifunga mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mzee wa watu bila hata kupepesa.

Saa kumi na moja tukaambiwa turudi majumbani.

Jumanne, 13 Mei

Kifurushi kiko juu ya meza. Mimi niko upande wa pili wa chumba.

Nassor nilimfundisha darasa la tano. Mtoto mpole, herufi nzuri. Alipokua akaanza kukaa na wale vijana wa kule chini waliokuwa wakitumia unga. Wawili wao tumeshawazika. Halafu ghafla tukasikia Nassor yuko Maskati. Kaendaje, kwa nani, hakuna aliyeuliza. Hapa hatuulizi. Hii adabu yetu itakuja kunitia ndani.

Nimekinusa. Kinanuka udi, na nyumba nzima ya Bi Rukia hunuka udi. Nimekitikisa, kimya. Nimekibonyeza, katikati kigumu, pembeni laini. Mkasi nimeushika mara mbili, nimeurudisha mara mbili. Ni amana ya mtu.

Baada ya alasiri nilikwenda kukirudisha. Nilikipakata ndani ya buibui na maneno nilikuwa nimeyapanga: begi limezidi uzito, nisamehe. Bi Rukia akafungua kabla sijamaliza kupiga hodi. Alidhani nimekuja kumuaga tena. Akasema tangu Jumapili analala vizuri, kwa kuwa kitu chake kiko njiani. Nikanywa kahawa yake. Nikarudi nacho. Mwalimu mzima, na uoga wa kuku.

Salma kapiga simu. Miguu imemvimba, viatu haviingii. Kaniuliza, Mama, utafika? Nikasema nitafika. Simjui niliyekuwa nikimwambia, yeye au mimi.

Jumatano, 14 Mei



Leo waliruhusu ndege moja. Moja, na sisi ni abiria wa ndege tatu. Walipofungua mlango watu walikwenda kama nyumba inaungua nyuma yao. Kioo kilivunjika. Kiatu changu kimoja kimebaki huko. Bwana Abbasi alisukumwa akapotea nyuma. Mimi nilikosa pumzi, nikaona ndiyo mwisho, nitafia hapa miguuni mwa watu, kisha Nekesa akanikamata mkono.

"Mama, tembea tu na mimi," alisema. Hakuuachia mpaka tulipofika kwenye mstari. Msichana niliyemjua siku mbili.

Mstari ukaanza kwenda. Watu kumi mbele yetu. Mbwa yule yule. Na afisa mmoja wa kike anamuuliza kila abiria: kuna kitu umepewa na mtu? Aliyejibu ndiyo alitolewa kando. Watu tisa. Wanane. Nikaiona picha yangu gazetini, mwalimu mstaafu wa Mombasa. Nikamwona Salma akiisoma. Nikamwambia Nekesa anishikie nafasi, nikaenda chooni, nikajifungia, nikakichana kifurushi kwa meno na ufunguo wa nyumba.

Leso ya Bi Rukia ya kujifunga, kuukuu, haikufuliwa. Ndani ya leso kofia mpya, kazi ya miezi. Chini ya kofia kitu kizito kimefungwa kwa plastiki na karatasi. Niliifungua karatasi nikisoma kila dua ninayoijua.

Halua.

Halua ile nyeusi ya hapa hapa kwetu, na lozi juu. Mtu anapeleka halua Maskati, kwa wenyewe waliotufundisha kuipika. Nikacheka peke yangu mle chooni. Kisha nikalia, kwa sababu leso ile aliivaa makusudi, mwanawe apate kuinusa, na aliyeinusa kwanza ni mimi.

Nilipotoka mlango umefungwa. Nekesa yuko upande wa pili wa kioo, analia, ananionyesha kwa mikono kwamba alijaribu. Waliita jina langu mara tatu. Sikuwepo.

Alhamisi, 15 Mei

Mbele ya jina langu pana alama. Maana yake: aliitwa, hakuonekana. Nafasi ya karibu ni Jumapili. Nimeomba. Nimegombana. Nimelia mbele za watu. Jumapili.

Kumbe Ijumaa itanikuta hapa hapa. Nimejifanyia mwenyewe. Hakuna mgomo wa kuulaumu.

Bwana Abbasi jina lake limo kwenye orodha ya leo. Alinipigia asubuhi kuniuliza kama na langu limo. Nikakaa na simu mkononi, kisha nikajua nitakalofanya, na nikaona haya njia nzima kutoka nyumbani mpaka daraja la Makupa na kuvuka hadi uwanja wa ndege. Nilikuwa na furushi. Mkaja wa marehemu mama, ule alionifunga tumbo nilipomzaa Salma. Nimeutia ndani ya kitambaa na kuushona mwenyewe, mishono mirefu ya gunia. Sijawahi kupatana na sindano.

Nikamwambia, Bwana Abbasi, nifikishie. Neno lile lile. Yeye aliyenionya, yeye niliyemdanganya. Nikamwambia ngoja nilifungue, ulione kwa macho yako. Nikaanza kutafuta ufunguo mkobani.

"Ushalishona, mwalimu," alisema. "Wacha."

Aliuliza jambo moja tu, nani atakuja kumpokea. Nikamwandikia jina la mkwe wangu. Akaliweka furushi juu ya nguo zake, akafunga mkoba, akaenda. Nilisimama kwenye kioo. Mbwa alipofika kwenye mkoba ule nilishika ukuta. Najua kilichomo, nimekitia mwenyewe, na bado niliogopa. Mbwa akanusa, akapita.

Nimerudi nyumbani na aibu. Mtu wa siku tatu kaniamini. Na Bi Rukia tunapeana chumvi dirishani miaka arobaini.

Ijumaa, 16 Mei

Niko kwenye msala tangu alfajiri. Simu mbele yangu. Chakula hakipiti.

Saa tatu, kimya. Saa tano, kimya. Adhana ya Ijumaa, kimya. Nimemkumbuka Mwanaisha mpaka rangi ya gauni aliloondoka nalo. La kijani. Nilikuwa nimelisahau miaka yote hii.

Saa tisa na kitu. Mkwe wangu. Msichana. Wote wazima.

Baadaye ikaja picha. Salma uso umemvimba, mtoto ubavuni, mkaja mkononi. Nyuzi zangu mbaya zinaning'inia kwenye kile kitambaa. Mkwe wangu anasema aliushika tangu uchungu ulipoanza, wauguzi wakashindwa kumnyang'anya. Anasema pia mzee yule alikataa kulitoa furushi mpaka alipoonyeshwa kitambulisho.

Nimelala kutwa yote iliyobaki.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Ndege saa nane, wanasema. Wakisema tena ngoja, nitangoja. Bado naogopa, lakini nimekula.

Jana nilikishona upya kifurushi cha Bi Rukia. Nilijitahidi. Hata mtoto wa darasa la pili angejua. Asubuhi hii kilikuwa juu ya begi alipoingia kuniaga, sikuwahi kukifunika. Akakitazama. Nilitaka kumweleza mbwa, choo, yule afisa, na yale niliyoyafikiri juu ya mwanawe.

Akakaa. Kofia anayoishona hutembea nayo kwapani. Akachomoa sindano humo. Akafumua mshono wangu wote, uzi mmoja mmoja, akaziweka nyuzi juu ya goti. Kisha akashona upya, pande zote nne, polepole, teksi inasubiri chini. Hakuniangalia. Nilikaa mkabala naye, mikono mapajani, na sikujua macho niyaweke wapi.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akanipa.

"Hukuionja?"

"Sikuionja."

"Ungeionja," alisema. "Ni nyingi."

Nimekitia kwenye begi la mkononi, juu kabisa. Dereva anapiga honi. Nashuka.