Baba, Jina la Mdogo Wako Liingie au Lisiingie?

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na tangazo hili la kumbukumbu yako limechelewa kwa sababu nyumba yako imegombana. Ugomvi wenyewe ni wa jina moja tu, la Baba Mdogo.

Alichofanya unakijua. Ulipolazwa hospitali alitoka dukani kwako, akavuka barabara, akafungua duka lake la ushonaji mkabala na lako, na wateja wako wakamfuata. Ulipotoka, unatembelea fimbo, jambo la kwanza ukampelekea pasi yako nzito, eti yake ni nyepesi mno. Mama alinuna wiki nzima.

Jioni ulitusomea Maandiko kwa namna yako. Habari ya mwana aliyerudi kwa baba yake uliirudia mpaka tukachoka. "Msiwatafute watu hawa mtaani," ulisema, ukijigonga kifuani. "Aliyepotea yumo humu. Aliyesusa karamu yumo. Na anayefungua mlango yumo pia, ila mnambana." Tukakuuliza, sasa mtu anasameheje? Ukajibu kwamba msamaha hausukumwi. Unapenda tu, mpaka kosa likose pa kukaa.

Maneno matamu, Baba, lakini yametutesa! Mkubwa, binti yako aliyerithi kiti chako dukani, alifunga na kuomba, akaishia kuumwa kichwa. Kila akimwona baba yake mdogo ng'ambo, damu inamchemka.

Mwezi uliopita mteja wako mwenye lile koti la kijivu alirudi kutoka safari. Ulikuwa umelikata na kulitia chaki, hukuwahi kulishona. Mkubwa akaligeuza huku na huku, wapi! Alama zako ni za yule fundi aliyewafunza wewe na mdogo wako meza moja, na hakuna mwingine anayezisoma. Akavuka barabara amekunja uso.

Baba Mdogo akavaa miwani, akainama. "Hapa kaka anasema kiunoni tuache kitambaa cha ziada. Bwana huyu anapenda kula."

Mkubwa akacheka. Kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Alipoinua macho, mzee wa watu alikuwa analia, machozi yanadondokea koti la mteja.

"Utaliharibu, Baba Mdogo," akamwambia, na kabla hajajizuia akamfuta uso kwa kiganja.

Alirudi nyumbani amefura. "Baba ameniweza! Nilitaka huyu mtu aniombe radhi kwanza. Hajaomba, na hasira yangu siioni ilipo."

"Basi mwandike, mwanangu," Mama akasema, "tupumzike."

Unakumbukwa na mkeo, na mdogo wako wa ng'ambo ya barabara, ambaye Mkubwa amemwandika juu ya jina lake mwenyewe, na Mkubwa, na Kitinda Mimba, na wajukuu wako wote.

Daima u mioyoni mwetu, Baba, hata siku tunazonuna.